Table Mountain kuna gari la nyaya. Je, hiyo ni hoja kwa Kilimanjaro?

Tangu serikali iseme mwaka 2019 kwamba inafikiria magari ya nyaya mlimani, hapa Moshi wimbo ni uleule: Cape Town wanayo, sisi tuna nini? Leo siupigi vita mradi wala siutetei. Nagombana na huo wimbo.

Waliosoma fiqhi, sheria ya Kiislamu, wanajua kiyasi, yaani kulinganisha kisa kipya na cha zamani, kina nguzo nne: asili (kisa cha zamani), tawi (kisa kipya), hukumu na illa, yaani sababu inayobeba hukumu. Mvinyo ni haramu kwa kuwa unalevya. Mbege haifanani nao hata kidogo, ni ndizi na ulezi, lakini inalevya, basi imeingia kwenye hukumu hiyo. Juisi ya zabibu inafanana nao mpaka rangi, na ni halali.

Sasa illa ya Table Mountain ni ipi? Gari lile lipo tangu 1929 na linaishia kama mita 1,067. Unapanda, unapiga picha, unashuka kula mchana mjini. Kilimanjaro ni mita 5,895, na maradhi ya mwinuko huanza kusumbua watu kwenye mita 2,500 hivi. Hapo urefu si pambo.

Wapinzani wa mradi nao wasicheke. Wanasema: "Kompyuta iliua kazi ya wapiga chapa, gari litaua kazi ya wagumu," yaani wapagazi wa mlimani. Kompyuta ilifanya kazi ileile ya mpiga chapa. Nani kaonyesha kwamba bibi wa miaka 75 atakayepanda gari ndiye angetembea siku sita na wagumu?

Mdau wa Pasua: Mangi, kwa kipimo hicho hakuna mfano utakaopona. Vitu viwili havikosi tofauti.

Mleta mada: Tofauti ziwe hata mia. Nahesabu zile tu zinazogusa illa.

Mwalimu, Arusha: Na hiyo illa umeijuaje? Kama unaijua, Table Mountain ya nini? Taja kanuni, toa hukumu. Kama huijui, unabahatisha. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ana mfano wake wa majirani wa huko: vita vya Thebes dhidi ya Phocis vilikuwa vibaya, kwa hiyo Athens isipigane na Thebes. Ilibidi apitie kanuni kwamba kupigana na jirani ni vibaya, na kanuni yenyewe kaiokota kwenye visa vya namna hiyohiyo!

Mleta mada: Umenibana, mwalimu. Nakubali mfano hauthibitishi. Ila bila Table Mountain nisingekumbuka kuuliza nani hasa hupanda magari haya. Umenionyesha pa kuchimba, japo maji sijayaona.

Mwalimu, Arusha: Basi uuite swali. Usiuite hoja.

Mgumu wa Machame: Shikamooni wasomi. Mimi napandisha kilo 20 begani. Huyo bibi wa gari, atabebewa nini?