Binti yangu wa darasa la nne anakariri vizuri, ila akikosa swali moja analia. Nifanyeje?

Mama wa Tabata:
Wadau, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa walimu na wazazi mliopitia haya.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule binafsi hapa Dar. Kwa kukariri hana mpinzani, lakini swali likigeuzwa kidogo tu anakwama. Ukimuuliza kwa nini jibu ni hilo, anasema "mwalimu kasema". Halafu akikosa hataki kujaribu tena. Muhula uliopita alishuka hadi wa saba, akachana karatasi ya hesabu, eti yeye hana akili. Baba yake anasema ni kudeka, aongezewe tuisheni. Mimi naona hiyo tuisheni ndiyo itamzamisha. Mnasemaje?

Ngalawa:
Wa saba ndiyo analia? Wenzio tulikuwa tunashika mkia na leo tunalipa ada za watu.

Ticha wa Chaki:
Dada, kabla ya yote mpe swali hili, usimwambie kwamba ni mtego: "Kwenye jahazi kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?" Rudi utuambie.

Mama wa Tabata:
Ticha, kajibu 36! Nikamuuliza umeipataje, ananishangaa: "Si unajumlisha?"

Ticha wa Chaki:
Usishtuke, hayuko peke yake. Watoto wa shule za msingi kule Grenoble, Ufaransa, waliulizwa swali la namna hii mwishoni mwa miaka ya 1970, na wengi wao walizichanganya namba hivyo hivyo. Si wajinga. Shule imewazoesha kwamba kila swali lina jibu na kila namba iliyotajwa lazima itumike.

Mtungie maswali mabovu makusudi, kazi yake iwe kukamata ubovu. Mfano: daladala ina abiria 30, nauli ni shilingi 600, wameshuka 8 Buguruni, wamebaki wangapi? Nauli haina kazi pale, na akiligundua hilo mwenyewe ujue kafikiri. Mkiwa sokoni, kosea chenji kusudi, akusahihishe, kisha akueleze kajuaje. Hayo maelezo ndiyo unayoyatafuta kuliko jibu lenyewe.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Mwanangu, sie tulitegewa chui, mbuzi na mzigo wa majani wavushwe mto, na mtumbwi unachukua kimoja tu kwa safari. Ukimwacha chui na mbuzi, mbuzi haliwi? Ukimwacha mbuzi na majani, je? Mpe vifuniko vya soda avipange mkekani. Wengi hukwama kwa kuwa katikati ya kazi kuna kitu ulichokwisha kukivusha inabidi urudi nacho, na mtoto hapendi kurudi. Usimpe jibu. Hata akilala nalo, mwache.

Msomaji Mtulivu:
Kuhusu kulia, angalieni mnavyomsifia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano Marekani. Waliosifiwa kwamba wana akili, walipopewa maswali magumu wakashindwa, walifanya vibaya hata kwenye yaliyofuata, ambayo ugumu wake ulikuwa uleule wa mwanzo. Baadhi walidanganya alama walizopata. Waliosifiwa juhudi walisonga mbele. Sasa mtoto anayeambiwa kila siku "una akili", akikosa moja ataona akili imemtoka. Ila "umejitahidi" ya bure nayo watoto wanaishtukia. Taja alichofanya: "umeona ulisahau kukopa, ukarudia."

Mkweli Daima:
Yote mazuri, lakini mwezi wa kumi kuna upimaji wa taifa wa darasa la nne. Nahodha hayumo humo. Aliyekariri atafaulu.

Ticha wa Chaki:
Mkuu, sijasema aache kukariri. Tebo lazima ikae kichwani, bila hiyo atafikiri kwa kutumia nini? Ninachopinga ni kumpima mtoto kwa nafasi ya darasani. Hata NECTA, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, iliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Dada, chukueni karatasi zake za majaribio. Kila alipokosa aandike pembeni: sikujua, sikusoma swali, au nilikosea hesabu. Mengi yakiwa "sikusoma swali", hela ya tuisheni itunze.

Mama wa Tabata:
Tumekaa nazo jana. Zaidi ya nusu ni "sikusoma swali". Kacheka mwenyewe, maana alidhani hajui. Baba yake kaziangalia, tuisheni kasema isubiri kwanza.

Ngalawa:
Bi Mkubwa, chui wangu kashamla mbuzi tena. Huo mtumbwi hauna turubai la kufunika majani?