Mabweni ya wasichana vyuoni enzi za mama na bibi zetu (kabla ya 1965): tupeane uzoefu

BintiUnyanyembe
Uzi huu ni wa wenye mama, bibi au shangazi aliyekaa bweni la chuo kabla ya 1965. Na wenyewe pia, maana humu najua wakubwa wetu wamo. Habari za vyeti vyao tuziache, hizo tunazisikia kwenye risala za msibani. Nataka za bwenini: mlikula nini, mlilalaje, mlitorokaje.

Naanza na mama. Chuo cha ualimu, Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 50. Sanduku la bati lenye jina lake kwa rangi nyeupe, ndani shuka mbili, blanketi, doti ya khanga, shumizi na mche wa sabuni. Pasi ya mkaa moja kwa bweni zima, kwa hiyo Jumamosi jioni ilikuwa foleni na ugomvi, na wa mwisho anakwenda kanisani na makunyanzi yake. Karabai ikishazimwa, anayetaka kusoma anainua kifuniko cha sanduku na kuweka mshumaa nyuma yake, mwanga usifike dirishani.

Barua matroni alizifungua zote na kuzisoma kwanza. Wavulana wakajifunza kumalizia "ni mimi kaka yako". Shida ni kwamba kwa kina mama walizaliwa wasichana watupu, na fomu ya kujiunga iliandika hivyo. Barua ya kaka wa tatu ilipofika, akaitwa ofisini aeleze baba yake amewapata wapi hawa.

Wa_Bukoba
Hao kaka wameniua mbavu.

Wangu ni shangazi. Makerere, Uganda, katikati ya miaka ya 50. Sisi wa Bukoba tulikuwa na nafuu, unapanda meli hapo nyumbani unashukia Port Bell. Wenzake wa Dar walianza kwa treni mpaka Mwanza, ndipo waione hiyo meli.

Bweni lao wanawake lilikuwa Mary Stuart. Makerere ilipokea wasichana sita wa kwanza mwaka 1945, na mpaka wakati huo kaulimbiu ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume". Ikabidi itafutwe nyingine, ndiyo hii ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Shangazi alipofika shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London na mambo yakafuata London: chakula cha jioni unavaa joho jekundu, unakaa wima, matoke kwa kisu na uma. Anasema wiki za mwanzo alikuwa analala na njaa kwa aibu ya uma, mpaka msichana mmoja wa Kiganda akamfundisha chumbani kwa kutumia ndizi mbivu.

Dansi za Jumamosi wasichana walikuwa wachache kiasi kwamba hata asiyejua kucheza hakukaa chini. Lakini msidhani walipokelewa kwa shangwe kila mahali. Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Kilimanjaro, alitaka kusoma hesabu pale. Mwalimu akakataa kuanza kufundisha maadamu kuna mwanamke darasani. Akahama somo. Mwaka 1954 akamaliza shahada yake Oxford.

Chakubanga_Jr
Matoke kwa uma!! Na samaki je?

Wa_Bukoba
Samaki hata leo shangazi anakula kwa mkono. Alishasema huko hafiki.

MkikuyuWaMbali
Hamjambo kutoka Kenya. Mamangu aliondoka Nairobi mwaka 1960 kwa zile ndege za mwanasiasa wetu Tom Mboya za kupeleka wanafunzi Marekani. Ya kwanza iliruka 1959 na wanafunzi 81, na ya 1960 nauli ililipwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Wangari Maathai alikwenda mwaka huo huo, yeye kwa masista wa Atchison, Kansas. Mama alipelekwa Ohio, chuo cha wavulana na wasichana.

Mlangoni mwa bweni la wasichana kulikuwa na daftari. Unaandika jina, unakokwenda, unakwenda na nani, utarudi saa ngapi. Ukichelewa, dakika zinajumlishwa, na zikifika kiwango unafungiwa ndani wikendi. Mvulana akija anasubiri sebuleni huku mama mlezi anafuma sweta na kumtazama. Bweni la wavulana halikuwa na daftari wala mlezi wa kufuma.

Wasichana wa Kimarekani waliliona daftari hilo kama jela. Mama alishindwa kuwaelewa. Yeye alikulia kijiji cha Hali ya Hatari, vile Waingereza walivyowakusanyia watu wakati wa vita vya Mau Mau, handaki limezunguka, mlinzi getini, na ikifika saa ya amri ukionekana nje ni risasi. Sasa hapa unaandika jina mwenyewe, unatoka, na ukichelewa adhabu ni kukaa chumbani chenye joto! Alilitumia daftari lile mpaka likachoka.

Kilichomtesa hasa ni nywele. Mji mzima hakuna aliyejua kuzitengeneza. Ilibidi apande basi mpaka mji mwingine kwa familia ya Wamarekani weusi aliyoijulia kanisani. Daftarini aliandika "kanisani", na hakuwa amedanganya sana.

Nesi_Mstaafu
Wanangu, mimi ni mwenyewe. Shule ya uuguzi, 1963, Dar. Kofia tulizitia wanga wa uji wa muhogo, na ukikosea kipimo inalegea kama sikio la mbuzi mbele ya daktari. Mlango wa hosteli unafungwa saa nne usiku.

Kubwa lilikuwa ndoa. Ukiolewa katikati ya mafunzo unafungasha. Mwenzangu wa kitanda cha pili aliolewa likizo, akarudi kimya, pete kaishonea ndani ya pindo la shumizi. Tulijua bweni zima na hakusema mtu. Siku ya matokeo aliifumua pale pale uwanjani kwa mkasi wa bandeji.

BintiUnyanyembe
Shikamoo mama! Na mume alikuwa wapi muda wote huo?

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Karani wa bandarini, alipanga Ilala. Jumapili walikaa benchi moja kanisani kama wasiojuana, akimpitishia hela ya sabuni ndani ya kitabu cha nyimbo. Padri alikuwa anawatazama tu, maana ndiye aliyewafungisha.