Makao ya wazee, acheni kumwaga dawa za wazazi wetu kwenye vikopo visivyo na lebo!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mama yangu analelewa kwenye makao ya wazee, jina naliweka kando. Juzi niliomba nifunguliwe kabati la dawa. Nikakuta vikopo vya plastiki vimepangwa, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu namba ya chumba na neno "asubuhi" au "jioni". Basi! Hakuna jina la mzee, hakuna jina la dawa wala miligramu zake. Ndani vidonge vyeupe vinavyofanana. Namuuliza mhudumu, hiki ni cha nini? "Cha presha, nadhani."

Unadhani? Mtu mwenye figo zilizochoka, anayekunywa dawa aina sita kwa siku, unamnywesha kwa kudhani?

Kidonge kikishatolewa kwenye pakiti yake ni vigumu kukitambua kwa uhakika. Jina, nguvu, tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo, vyote vimebaki kwenye takataka. Na wazee wanahamishwa vyumba kila mara! Mama akihamishwa leo, kikopo cha kesho asubuhi atapewa nani?

Kuna methotreksati, wengi wenye baridi yabisi wanaitumia. Kwa ugonjwa huo inanywewa mara moja kwa WIKI. Kuna watu wamekufa kwa sababu walipewa kila siku; inashambulia uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, chembe za damu zinapungua, mwili unashindwa kupambana na maambukizi. Ndiyo maana lebo yake inapaswa kutaja hata siku ya wiki ya kuinywa. Kikopo cha "asubuhi" kitamwambia nini muuguzi wa zamu?

Friji sasa. Insulini imewekwa pamoja na chakula cha wafanyakazi, nyingine imesukumwa nyuma hadi inagusa barafu. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na nyingi zikishafunguliwa mwisho wake ni siku 28 au karibu na hapo. Utazihesabuje hizo siku kama hakuna aliyeandika tarehe ya kufungua? Matone ya macho vilevile. Halafu kalamu za insulini, yaani vile vifaa vya kuchomea vyenye umbo la kalamu, hazina majina. Kalamu moja wakiitumia watu wawili, hata sindano ibadilishwe, damu ya mmoja inaweza kumfikia mwenzake na magonjwa yake. Na ile inayofanya kazi haraka ikichukuliwa badala ya ile ya taratibu, sukari inaweza kushuka usiku mzee amelala, asiamke.

Lililoniuma kuliko yote ni dawa za marehemu. Mzee akifariki dawa zake hazirudishwi kwa mfamasia wala haziteketezwi. Zinabaki palepale, na mwingine akipungukiwa anachotewa humo. Mofini nayo, dawa kali ya maumivu, iko kwenye droo isiyo na kufuli, na rejista ya matumizi yake sikuonyeshwa.

Wanasema wahudumu ni wachache. Nakubali, na hasira yangu si kwa yule dada wa zamu ya usiku aliyeachiwa ukumbi mzima peke yake. Ni kwa uongozi. Mtu aliyechoka ndiye anayeihitaji lebo kuliko wote, kwa sababu kumbukumbu yake haiaminiki saa tisa ya usiku.

Tunachotaka hakina gharama ya kutisha. Dawa ikae kwenye pakiti yake yenye lebo ya mfamasia na jina kamili la mzee hadi dakika ya kupewa. Daktari akibadilisha dozi, itengenezwe lebo mpya, siyo kukwangua ya zamani kwa kalamu. Friji la dawa liwe la dawa tu, lina kipimajoto na joto linaandikwa kila siku. Mofini ifungiwe, na kila inapotoka wasaini wawili.

Nilimwandikia msimamizi. Jibu: "Tutalifanyia kazi." Jana nimepita, vikopo viko vilevile. Sasa tumekubaliana familia kadhaa kwenda pamoja kudai rejista, na tukinyimwa tunaenda kwa mamlaka inayowapa leseni. Wenye wazazi kwenye makao mengine, ombeni kabati lifunguliwe mbele yenu, mje mseme mmekuta nini.