Mrejesho: Matango ya uani yaliyokuwa yakidondoka machanga (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilipouliza kwa nini matango yangu yanageuka manjano na kudondoka yakiwa na ukubwa wa kidole, mlinijibu kwamba maua ya kike, yaani yale yenye kitango kidogo nyuma yake, hayapati chavua (unga wa maua ya kiume), kwa kuwa uani kwangu kumezungukwa na kuta na nyuki ni wachache. Ahsanteni sana, ndivyo ilivyokuwa. Niliufuata ushauri wa kuchuma ua la kiume asubuhi mapema, kulivua petali zake na kuligusisha katikati ya ua la kike, na mengi niliyoyafanyia hivyo yameshika na kunenepa vizuri. Chanja ya miti na kamba nayo imesaidia, maana matunda hayalali tena kwenye udongo wenye unyevu.

Majivu niliyoyatumia dhidi ya nzi wa matunda, hata hivyo, hayakuwazuia: matango waliyoyatoboa yalipinda, yakaoza ndani, nami nikayafukia chini kabisa. Yaliyosalimika ni yale niliyoyavisha mifuko ya karatasi yakiwa bado machanga, ingawa mvua huilowesha mifuko hiyo ikachanika, na kuibadilisha ni kazi ya kuchosha. Uchungu wa ladha ya matango upande wa kikonyo umepungua tangu nianze kumwagilia kila siku, lakini haujaisha.