Bahari ninayoichora kwenye kishikwambi inafifia ikichapwa: je, nirudi kwenye brashi?

Karani Mchoraji, Mtwara

Ndugu wachoraji, salaam. Mimi ni karani katika ghala la korosho hapa Mtwara, na uchoraji naufanya nyumbani baada ya kazi, bila kuusomea popote na bila kuutegemea kwa kipato. Kwa miaka mingi nilitumia rangi za maji na karatasi. Tangu nilipopata kishikwambi na kalamu yake, nachora humo karibu kila usiku, hasa msimu wa korosho, kwa sababu nirudipo nimechoka sina tena nguvu za kutandaza karatasi, kuchanganya rangi na kuosha brashi, ilhali kishikwambi nakifungua nikiwa nimeketi mkekani na picha naikuta pale pale nilipoiachia.

Tatizo langu ni hili. Nimechora ngalawa za wavuvi zikirudi Msangamkuu asubuhi, maji yakiwa na ile rangi iliyo kati ya kijani na buluu ambayo kila aliyekaa ufukweni Shangani anaijua. Kwenye kioo picha inang'aa. Nilipoipeleka kuchapwa katika karatasi ya A3 ili nimtundikie mama sebuleni kwake, ilitoka imefifia: maji yamekuwa kama ya dimbwi, na kamba za tanga, ambazo nilizichora moja moja kwa subira, zimekuwa na kingo za vijisanduku. Mwenye duka alinihakikishia kwamba printa yake ni nzima, na kweli picha za harusi zilizochapwa saa ile ile zilikuwa safi kabisa. Mjomba wangu, ambaye amechonga mpingo tangu ujana wake, anasema picha iliyo ndani ya kioo haijawa kitu mpaka ishikike mkononi, na kauli hiyo imenikaa moyoni. Je, tatizo liko wapi hasa, na je, anayetaka picha ya ukutani ni bora arudi kwenye rangi na brashi?

Mchapaji wa Lindi

Dada Karani, hapo yapo matatizo mawili yaliyokutana katika karatasi moja, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni rangi. Kioo hutoa mwanga wake chenyewe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Karatasi haina mwanga. Inaurudisha tu ule unaoiangukia, baada ya wino kumeza sehemu yake, na wino wenyewe ni wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kwa hiyo rangi nyingi kali za kioo, na kijani-buluu cha bahari yetu kikiwa miongoni mwa zinazoumia zaidi, hazimo katika uwezo wa wino. Printa huchukua iliyo karibu nayo, na hiyo ndiyo uliyoiona. Picha za harusi zilisalimika kwa kuwa rangi za ngozi na nyingi za mavazi zimo ndani ya uwezo huo. Angalia pia kama kishikwambi chako kina kinga ya macho inayojiwasha usiku. Kinga hiyo hutia kioo umanjano, nawe bila kujua unaongeza buluu ili kufidia, kisha faili linabaki na buluu isiyo ya kawaida.

La pili, hivyo vijisanduku, ni suala la pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha kwenye kioo. Ili A3 itoke safi kwa nukta 300 kwa inchi, turubai lako, yaani ukurasa unaouchorea ndani ya programu, linapaswa kuwa na pikseli 3508 kwa 4961 tangu siku ya kwanza. Ukianza na pikseli 1080 kwa 1350, kipimo ambacho wengi hukitumia kwa ajili ya mitandao, A3 hiyo itapata nukta 92 tu kwa inchi, na kuikuza picha baadaye hakurudishi kilichokosekana. Tena, kama ulimtumia mwenye duka kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu iliibana zaidi njiani. Itume kama hati, au ipeleke kwenye flashi.

Mzee wa Hadibodi, Mikindani

Mwanangu Karani, mimi kishikwambi sikijui, nachora kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, kwa namna ile aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mwaka 1968 kule Dar es Salaam, miaka 4 tu kabla ya kufariki. Nimeyasoma ya Mchapaji na sina la kupinga kuhusu wino. Ila nataka nikwambie jambo kuhusu maji, kwa sababu hata rangi ya kopo haina mwanga wake yenyewe, na bado tunapaswa kuyafanya maji yawake.

Maji hayawaki kwa sababu buluu ni kali. Yanawaka kwa sababu ya kilicho jirani yake. Ukitazama ngalawa asubuhi, ubavu wake ulio kivulini unakaribia weusi, na mchanga uliolowa ni wa kahawia yenye joto. Kati ya viwili hivyo, hata buluu ya kawaida, iliyotiwa nyeupe kidogo, inaruka machoni. Vijana wengi huichora bahari nzima kwa rangi ile ile kali, kisha hushangaa kwa nini haing'ai. Fumba macho nusu uitazame picha yako: ikiwa ngalawa, maji na anga vimekuwa kitu kimoja, basi tatizo lilikuwapo hata kabla ya printa. Na uchore kwa kutazama kitu chenyewe. Hapa kwetu, kwenye nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi katikati ya Oktoba, na tena Februari inapoelekea mwisho, vivuli vyote vikajificha chini ya vitu. Saa hiyo hakuna cha kujifunza kuhusu kivuli. Nenda asubuhi mapema au alasiri.

Binti wa Newala

Shikamoo Mzee. Naongeza tu kwamba huko kufumba macho nusu, sisi wa kidijitali tunakufanya kwa kushusha ukolezi wa rangi hadi sifuri. Picha inabaki ya kijivu, na unaona mara moja kama mwanga na kivuli vimekaa sawa. Nakushauri, dada Karani, ufanye hivyo kila unapomaliza hatua moja, wala usisubiri mwisho.

Kuhusu kauli ya mjomba, nakuomba isikuvunje moyo. George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianzia kwenye uchongaji wa Kimakonde, kisha akiwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akahamia kwenye michoro na rangi. Mashetani wake wa mbao wakaingia kwenye picha wakiwa na masikio na midomo yao ile ile. Mkono haukupotea kwa kubadilisha zana. Halafu, Mzee, hebu fikiri: wewe unapaka usuli kwanza, unauacha ulale ukauke, ndipo unapaka mnyama, kisha nakshi za mwisho. Hizo ndizo leya zetu, yaani matabaka ya picha tunayoyapanga moja juu ya jingine. Tofauti ni kwamba yako haifutiki, na kwa hiyo unaamua kabla ya kuchovya brashi. Hilo ndilo ninalodhani tunalikosa kwenye kioo, kwa sababu kitufe cha kurudi nyuma kinatuzoesha kuchora kabla ya kuamua. Mimi hujizuia kuvuta picha karibu mpaka maumbo makubwa yote yawe yamekaa.

Karani Mchoraji, Mtwara

Nawashukuru nyote, na Mzee, shikamoo. Nimeshusha ukolezi kama alivyoeleza Binti wa Newala, nami nimeona wazi kwamba tanga na anga vina kijivu kimoja. Nitaichora upya kwenye turubai la pikseli 3508 kwa 4961, ubavu wa ngalawa ukiwa mweusi zaidi. Mchapaji, je, kabla sijalipia A3 nyingine, kuna namna ya kujua rangi itakavyotoka?

Mchapaji wa Lindi

Ipo, na ni ya bei nafuu. Kata kipande cha picha chenye maji, ngalawa na mchanga, kirudie mara nne kwenye karatasi moja ya A4, kila kimoja kikiwa na ukolezi tofauti wa kijani-buluu, kisha kichapwe kwa printa ile ile na karatasi ya aina ile ile. Kitazame mchana, kando ya dirisha, wala si chini ya taa ya dukani. Utakachokichagua, rekebisha nakala ya kuchapa peke yake na uache faili la asili lilivyo. Na ukiitundika kwa mama, fundi wa fremu aache nafasi kati ya karatasi na kioo, kwa kuwa unyevu wa pwani huigandisha picha kwenye kioo, na uiweke ukuta usiopigwa na jua, maana wino wa printa nyingi za madukani hufifia ukikaa juani.