Kuni za bure na mi nnazo za kutosha, nizifuate au niache?

MamaUwemba
Habari zenu wapendwa. Nipo Njombe huku Uwemba, wanaoijua wanajua na baridi yake. Naomba ushauri wenu, jambo lenyewe dogo ila hapa nyumbani limeshatukalisha vikao viwili.

Jirani yetu wa bondeni kaangusha mikaratusi saba, anataka kupanda parachichi mvua zikianza. Jumamosi kaja mwenyewe mpaka mlangoni, kasema mama njooni mbebe kuni, zote, sitaki hata mia, ila ndani ya wiki mbili nataka pawe peupe maana vijana wa kuchimba mashimo wanaanza.

Sasa sisi kuni tunazo. Nna vichanja vitatu nyuma ya jiko, kila kimoja hatua sita na kimo kinanifika kifuani, vyote miwati tuliyopasua mwaka jana mwezi wa 8. Zimekauka kiasi kwamba ukigonganisha mbili zinalia ko ko. Baridi iliyopita, toka mwezi wa 5 mpaka wa 8, tulimaliza kichanja kimoja na nusu, hapo ni kupika, kuota moto jioni na maji ya kuoga ya watu sita. Hivi vitatu ndo vilivyobaki baada ya hapo.

Mume wangu anasema tuache, tutalipia mtu wa chensoo, tutalipia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na banda limejaa hatuna pa kuziweka. Mama mkwe ndo hataki hata kusikia. Yeye kakua enzi ambazo kuni zilikuwa zinafuatwa alfajiri mnarudi saa nane mchana na mzigo kichwani, na mpaka leo pale utosini nywele zake hazioti vizuri. Anasema kuni haiachwi chini na mtu mwenye mikono. Jana kaondoka bila kutuaga na miaka yake 74 kashuka bondeni, karudi na fito tatu begani. Iliniuma sana kwa kweli.

Mi nipo katikati yao. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

FundiShoka
Dada pole na kazi. Mi nipo Mafinga na kupasua kuni ndo kazi yangu, ngoja tupige hesabu kwanza. Umesema baridi inakula kichanja kimoja na nusu. Miezi mingine yote hamuoti sana lakini mnapika na kuchemsha maji, weka kichanja kimoja. Kwaiyo mwaka mzima ni viwili na nusu. Vitatu vyako ukianza kuvihesabu sa hivi mwezi wa 10 vinakufikisha mwakani mwezi wa 12 hivi, vikijitahidi sana ni mwezi wa 1 unaofuata.

Karatusi mbichi ukiipasua leo ukaipanga vizuri inataka mwaka, ile minene hata zaidi, maana mvua za huku zinaanza mwezi wa 11 mpaka wa 4 na muda wote huo ukuni haukauki wa maana. Sasa ona hizi tarehe mbili, kuni zako zinaisha mwishoni mwa mwaka kesho na hizi za bondeni ndo zinakuwa tayari kipindi hichohicho. Ukisubiri ziishe ndo utafute, utapikia kuni mbichi msimu mzima wa mvua na moshi wake unaujua.

Swali langu moja, hiyo miwati mnaipata wapi? Kama mna shamba lenu na kuna mingine ya kukata sa hivi, basi mume wako yuko sahihi. Kama hakuna, mama mkwe ndo yuko sahihi hata kama sababu yake ni nyingine.

Na ukiamua kuchukua ipasue ikiwa mbichi, usiseme nitaibeba nitapasua taratibu. Karatusi ikikauka nyuzi zake zinajikunja, shoka linadunda tu, utavunja mipini mitatu na gogo bado limekaa linakuangalia.

Mzee wa Makambako
Mimi nasema usichukue, na nasema kwa yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilipewa mikaratusi hivihivi, bure kabisa. Nikakodi kirikuu tripu nne, elfu 25 kila tripu, chensoo na petroli yake nikalipa, vijana wawili wa kupakia na kushusha nao wakataka chakula. Nikijumlisha kitu cha bure kilikuwa kimefika laki na arobaini. Nyumbani sehemu sina, nikazimwaga tu pembeni ya zizi zikalala juu ya udongo, turubai juu. Niliona nimefanya la maana kuzifunika. Mvua zimekatika nafunua, nakuta turubai limefungia mvuke ndani, zile za chini zimeota uyoga mweupe, gamba ukilivuta linatoka lote kama soksi na ndani yake ni ute. Za katikati zimebunguliwa, kila ukuni una vitundu na chini yake unga kama wa sembe. Jikoni ukitia moja inawaka kidogo inalala, inafuka tu. Mke wangu alikohoa wiki nzima. Mwisho nilizisukuma kwenye shimo la taka nikachoma huko.

Kama banda limejaa, kaka yangu huyo mumeo kaona mbali. Kuni bila paa na bila kuinuliwa toka chini ni mbolea hiyo.

Binti Ilala
Samahani naingilia, kwani mama hamtumii gesi? Kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Hizo laki na arobaini za mzee hapo juu zingeingia kwenye mtungi na gesi yake. Na macho ya mama mkwe wako yatapona moshi.

MamaUwemba
@Binti Ilala ahsante mwanangu, mtungi ninao wa kilo 15, chai ya asubuhi na mboga ni gesi. Ila gesi haikupi moto wa kuota. Huku mwezi wa 7 ukiamka nyasi ni nyeupe kwa barafu na mtoto anataka maji ya moto aende shule. Maharage nayo kwa gesi siwezi kwa bei ya kujaza.

@FundiShoka umenigusa penyewe. Miwati ilikuwa ya kwetu, ila ile tuliyokata ndo ilikuwa mikubwa ya mwisho. Iliyobaki ni minene kama mkono wangu tu, mume wangu anasema ikae miaka mitatu minne mingine. Kwa kweli hatukuwahi kukaa tukahesabu mwakani tutakata wapi, tulikuwa tunaangalia banda limejaa tunaridhika.

@Mzee wa Makambako shikamoo baba na pole sana. Hilo la turubai hata mi ningelifanya.

Kinangop_2600
Nawasalimu kutoka Kenya, mimi niko Kinangop, baridi yetu ni ndugu ya hiyo yenu na bluegum, hiyo mnayoiita karatusi, ndiyo miti yetu.

Mama, kwa nini inakuwa ni zote ama hakuna? Jirani anataka shamba lisafishwe, hajasema ni wewe peke yako ulisafishe. Mimi nikipewa miti hivyo sigusi shina. Nachukua matawi tu, kuanzia unene wa kidole gumba mpaka unene wa mkono, nakata na panga na msumeno wa mkono urefu wa kuingia kwa jiko. Haitaki chensoo, haitaki kupasua, mtoto wa darasa la saba anaibeba. Na inakauka haraka kuliko gogo, ukiipata na jua la huu mwezi kabla mvua ishike, halafu uiweke mahali penye upepo, mwaka ujao mwezi wa sita unapika nayo bila shida. Miti saba mikubwa, matawi peke yake yanaweza kukupa kichanja kizima.

Mahali pa kuweka, angalia juu. Jiko la mama yangu lina dari ya fito juu ya moto, kuni zinazotumika wiki hiyo zinakaa hapo na joto linamalizia kuzikausha. Ukitoa hizo chini unapata nafasi. Zingine panga nje juu ya mawe ama magogo mawili, bati juu peke yake, pande ziache wazi upepo upite. Usizifunge pande kama alivyofanya mzee, na usiziegemeze kwa ukuta wa nyumba, mchwa unapitia hapo.

MamaTofali
Ongeza na hili mama. Huu mwezi wa 10 watu wa tofali za kuchoma wote wanakimbizana na mvua, na tanuru halichagui, linakula gogo nene hata bichi. Wakisikia kuna mashina ya karatusi ya bure wanakuja na fuso lao na chensoo lao. Jirani anapata peupe, nyie hamtoi hata senti.

Ila kitu kimoja nakuomba, usije ukawauzia. Najua kuna watu watakwambia chukua zote uza magogo ulipie gharama. Alikupa uwashe moto nyumbani kwako, ukiuza bila kumwambia siku akisikia hata pilipili hatakuomba tena. Mwambie yeye mwenyewe kuna watu wa tofali wanataka, aamue kama anawapa au anawauzia.

Na kabla ya kirikuu kuingia barabarani pitia kwa mwenyekiti wa kijiji mwambie kuni ni za shamba la nani na zinaenda wapi. Mazao ya misitu kwenye gari yanaulizwa kibali, hata kama mti mtu kapanda mwenyewe.

FundiShoka
Naunga mkono matawi. Nilisahau kuuliza kama mnaweza kubeba bila gari. Ila na shina moja chukua, lile jembamba kuliko yote, lipasue wiki hiihii. Baridi ya usiku matawi hayakai, yanawaka yanaisha, unataka vipande vinene vya kulala na moto.

MamaUwemba
Wapendwa nimerudi kuwapa mrejesho, leo ni siku ya tisa.

Nilimsomea mume wangu hesabu ya fundi, mezani, taratibu, tarehe kwa tarehe. Akakaa kimya, akatoka nje akaenda kuviangalia vichanja, karudi kasema kweli mwakani mwezi wa 12 tunakuwa tunamalizia za mwisho. Tukakubaliana matawi yote tunayoweza kubeba kwa mikono na toroli, na shina moja. Mengine jirani kawapa watu wa tofali wa upande wa pili, walikuja siku mbili wakamaliza.

Mama mkwe tulimwomba asibebe, akae kwenye kupanga. Kumbe huko ndiko tulikuwa tunakosea miaka yote. Katulaza magogo mawili chini, juu yake safu ya kwanza kaipanga kwa mapengo unapitisha kiganja, kila mwisho wa kichanja kapishanisha kama kisanduku ili kisiporomoke, na gamba akawa analichuna kwa panga palipo panene anasema maji yanajificha hapo. Nimekaa naye ndoa ya miaka 16 sijawahi kumuuliza kuni zinapangwaje. Wanangu wawili walikuwa wanampa moja moja anazipima mkononi, nzito huku, nyepesi huku.

Tumepata kichanja kimoja na kama robo. Bati tumetumia yale manne ya zamani ya banda la kuku, juu tu, pande wazi. Gharama yote ni elfu 15 ya chensoo kwa lile shina moja, kupasua kapasua mume wangu mwenyewe jioni nne, na fundi ulisema kweli, likiwa bichi linafunguka vizuri tu.

Zile fito tatu alizoleta peke yake siku ile hazikuingia kwenye kichanja. Kaziweka juu darini, za kwanza kabisa, kasema zikikauka atapikia ugali wa Krismasi.

Mzee wa Makambako
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kuchuna gamba nimepata kitu. Mwambie mama nimemsalimia, na umuulizie karatusi iliyokwisha kuota uyoga kidogo kwa nje anaiokoaje, nina chache hapa nimezitoa chini nimeziinua juu ya mawe.

MamaUwemba
Nimemuuliza baba. Anasema ipasue tena ndogo, pale peupe pote pachonge, iweke juani siku tatu kisha uigonge. Ikilia ko itie ndani, ikilia bu basi iache kwenye mashina ya migomba.