Bastola ya baruti inauzwa Malindi: ya kale kweli au nakala?

MwanaShela
Asalam aleikum wadau. Naendesha nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na napenda vitu vya kale vya kupamba sebule. Kuna Mwitaliano Malindi, upande wa Casuarina, anauza nyumba na vilivyomo arudi kwao. Dalali wake kanitumia picha za bastola ya silinda, zile za kushindilia baruti na risasi kwa mbele na kuvisha fataki za kuwashia baruti nyuma. Mtutu wa pande nane, fremu ya shaba, silinda imechorwa merikebu za vita. Anasema ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, na anataka shilingi 180,000. Ubavuni imeandikwa .44, kisha kuna kinyota, herufi PN, na kijisanduku chenye AD. Nipande gari nikaione, au naibiwa mchana kweupe?

Nahodha_Mtulivu
180,000! Kwa hela hiyo si unatengeneza ngalawa?

BabuGardone
Waleikum salaam mwanangu. Mimi nami mtu wa Shella, ila ile yetu ya Malindi. Ujana wangu umeishia Val Trompia, kaskazini ya Brescia, nikisugua mitutu kwenye karakana. Bonde lile linakula kwa bunduki.

Hiyo AD imemaliza kesi. Silaha ikitoka kiwandani kule hupelekwa kwa wakaguzi wa Gardone, hufyatuliwa kwa baruti ya kupita kiasi, na ikisalimika hugongwa mihuri. PN ni "polvere nera", baruti nyeusi. Kijisanduku ni mwaka. Zamani walitumia namba za Kirumi, halafu 1975 wakaingia kwenye herufi mbili: AA, kisha AB, AC, na AD ni 1978. Vita vya Marekani vilikuwa vimeisha miaka mia na kitu.

Hata bila muhuri, hiyo .44, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi, ingemsuta. Bastola yako inaiga Colt Navy ya 1851 ya Marekani, nayo ilikuwa .36 na fremu yake si ya shaba. Waliotumia shaba ni mafundi wa upande wa Kusini katika vita hivyo, waliokosa chuma, mfano Griswold na Gunnison wa Georgia, na hao nao walishika .36. Navy ya .44 yenye fremu ya shaba ni bidhaa ya viwanda vya Italia kwa soko la Marekani. Hizo merikebu zisikutie kiwewe: ni vita vya majini vya Texas na Meksiko, Mei 1843. Colt aliitia picha hiyo kwenye silinda zake, na wanaoiga huiga na picha.

Shukuru dalali wako ni mvivu. Wajanja hupiga tupa mihuri, wakaivua rangi kwa siki, wakaiacha ipate kutu. Ukikuta mahali pamebonyea kidogo ubavuni au chini ya mtutu, au uzee umelingana kila mahali mpaka ndani ya mifuo ya skurubu, ondoka. Kitu kilichoshikwa na watu huchakaa kwenye kona na kitakoni, si kote sawasawa.

MwanaShela
Shukran sana babu. Nimemtajia 1978, akashuka papo hapo mpaka 60,000, ati "imetunzwa vizuri". Nakala nayo si mbaya kwa mapambo. Nikienda nitazame nini?

BabuGardone
Kwanza hakikisha haina kitu. Toa fataki zote, kisha tia kijiti kila tundu la silinda upime kina. Bastola hizi hukaa kabatini miaka na baruti ndani, na mwenye nyumba hana habari.

Sasa vuta nyundo polepole, kidole cha mkono wa pili kikiizuia silinda kidogo tu. Sikiliza. Kile kijiulimi cha chini kinachoifunga silinda kiingie kwenye tundu lake, tak, kabla nyundo haijafika mwisho au pamoja nayo. Nyundo ikishasimama na silinda bado inapita, achana nayo. Ukiitikisa ikicheza uzi mmoja, sawa. Ikigongagonga, imechoka. Rudia matundu yote sita, maana moja ndilo huharibika. Usiiachie nyundo ikapiga tupu, inabonyeza vile vishina vya fataki.

Halafu ng'oa kabari inayoshika mtutu, utoe mtutu na silinda. Hapa ndipo shaba husema kweli. Angalia ukuta wa fremu nyuma ya silinda: ikiwa meno ya silinda yamejichora duara kwenye shaba, mtu alikuwa akiipakia baruti nyingi. Shika na ule mhimili wa katikati, ujaribu kuutingisha. Ukitingishika, hiyo ni ya ukutani basi. Mimi ningechukua ya chuma yenye kutu ya juujuu kabla ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa.

Mwisho, futa mafuta yote ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu, umulike. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi, isiyooshwa kwa maji moto na sabuni hutoboka vishimo. Wauzaji hujaza mafuta wavifiche. Hata ikipita yote, kule mpya ni euro mia chache. Usivuke 30,000.

Askari_Mstaafu_Mkomani
Vijana, mnapima silinda na hamjauliza karatasi? Hiyo inafyatua risasi, kwa hiyo ni silaha chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, hata kama ni nakala. Marekani sheria yao ya 1968 inaziachilia, hapa hapana. Mwitaliano awe na cheti chake, nawe uwe na chako kutoka Bodi ya Leseni za Silaha kabla haijahama mkono. Na yenye cheti hufungiwa ndani ya sefu, haitundikwi sebuleni kwa wageni. Dalali akikwambia "ni pambo tu mzee", mwambie aiandike hivyo aitie sahihi.

MwanaShela
Nimemwomba picha ya cheti. Tiki mbili za buluu tangu alasiri, kimya. Babu, kama kuna jambia la kale huko Shella yenu, nijulishe.

BabuGardone
Majambia yapo. Ila nayo tutayageuza tuyaangalie mgongoni.